Tulimfuta Rangi Kwanza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo nitawekewa karatasi mezani niitie saini, na nikiitia saini nitamwumiza mtu kwa mara ya pili, nisipoitia huenda nikapoteza kazi, na nyumbani mke wangu hajui hata nusu ya haya ninayokuandikia.

Mimi ni msimamizi wa mafundi wa rangi, tuko saba, na mwaka jana nilipelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya huduma ya kwanza, nikarudi na cheti ambacho mke wangu alikitundika sebuleni juu ya televisheni, pamoja na kibeji cha kijani cha kubandika kifuani, na tangu siku hiyo mafundi hawaniiti kwa jina langu, wananiita Daktari, mtu akichomwa na kibanzi tu utasikia, "Daktari, njoo upasue!" Nami, nisikufiche, nilipenda.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapaka ukumbi wa shule, na shemeji yangu, yaani mdogo wake mke wangu, alikuwa juu ya jukwaa letu la kupandia akipaka nondo za madirisha ile rangi nyekundu inayotangulizwa kwenye chuma, ubao ukateleza, akaanguka kutoka kimo cha watu wawili, akatua kwa ubavu juu ya ukingo wa pipa tupu, na kopo lake likammwagikia kuanzia kichwani hadi kiunoni. Mshauri, alionekana kama mtu aliyechinjwa! Mmoja akapiga kelele, "Amekufa!", mwingine akakimbilia nje kabisa, waliobaki wakanigeukia mimi, "Daktari! Daktari!", na kila nilichofundishwa kikanitoka, maana mgonjwa wa mafunzo alilala kwenye mkeka akiwa msafi, tena akinikonyeza. Nikapapasa kichwa nikitafuta jeraha, sikuliona, nikanusa kiganja changu, nikasema, "Jamani, hii ni rangi."

Hapo ndipo tulipoharibu. Fundi wa rangi akiona rangi mbichi mahali isipotakiwa, mkono wake hautulii, basi tukachukua matambara na mafuta ya taa tukaanza kumfuta kabla haijakauka, tukimgeuza huku na huku kama mlango uliolazwa mezani, na watu wakicheka kwa kuwa hofu imewatoka, na mimi nilicheka kuliko wote. Akasema, "Shemeji, taratibu, ubavu huo." Nikamjibu, "Ubavu utapona, ni hizo nywele zitakazonyolewa." Akacheka kidogo, akajishika, nikadhani ni utani wetu wa kila siku. Tukamwinua, tukamketisha kwenye kiti, akaomba maji, akapewa soda, akaomba maji tena. Nikamwuliza, "Uko sawa?" Akasema, "Niko sawa." Nikarudi kwenye ukuta wangu.

Ilipita saa nzima ndipo mama anayefagia ukumbi akaja kunivuta shati: "Huyu mtu wenu mbona anatoka jasho na mwili wake ni wa baridi?" Hospitali wakakuta mbavu mbili zimevunjika na bandama imepasuka, damu yote inamwagikia tumboni, akapasuliwa mchana huo huo. Daktari, yule wa kweli, akauliza, "Nani alimchunguza kwanza?" Kibeji kilikuwa bado kifuani. Nikakifunika kwa mkono.

Sasa yuko wodini, anaongea, wanasema atapona. Lakini bosi amenionesha karatasi iliyokwisha kuandikwa, inasema kwamba nilimchunguza majeruhi mwili mzima, sikuona jeraha, naye akakataa kupelekwa hospitali. Mshauri, angekataaje jambo ambalo hakuna aliyemwambia? Bosi anasema, "Saini, fundi, hayo ni maneno ya karatasi tu." Nikisaini, shemeji yangu ndiye mwenye kosa, na akitoka wodini hatakuwa na kazi ya kurudia. Kila jioni mke wangu ananiuliza, "Daktari wangu, ulitambua lini kwamba ameumia?" nami namjibu, "Papo hapo." Nimechoka. Nisaini? Nimwambie mke wangu? Na kile cheti nikitundue?

Ni mimi, Daktari wa Jukwaani.

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimeketi, mara ya pili nimesimama. Nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi ya mwisho niliwafundisha watu kama wewe kwenye mikeka kama hiyo. Pole. Kumwona mtu wako akiwa mwekundu mwili mzima, hata kama ni kwa rangi ya kopo, kunaweza kumvuruga yeyote. Pole yangu imeishia hapo.

Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu rangi ilimkaukia nyweleni. Ulipoona kwamba hakuna damu, uliamua kwamba hakuna jeraha, nawe ulikuwa umepapasa kichwa tu! Damu ya nje hujitangaza yenyewe. Uliwekewa kibeji ili uitafute ile isiyojitangaza.

Mtu akianguka, simama kwanza uangalie juu, usije ukaangukiwa na ubao wa pili. Kisha mwache alivyolala. Mtu mmoja amtulizie kichwa na shingo, na mwingine, umwoneshe kwa kidole, aite gari la wagonjwa. Ukisema "jamani pigeni simu" hatapiga yeyote. Mwite uone kama anajibu. Tazama anavyopumua. Kama kuna damu inayotoka kwa wingi, ikandamize. Hayo yakiisha ndipo uanzie kichwani na kushuka: shingo, mabega, kifua, mbavu, tumbo, nyonga, miguu hadi vidole, ukigusa taratibu na kuuliza, "Hapa je?", huku ukimtazama usoni, kwa sababu uso hujibu kabla ya mdomo. Shemeji yako alikuambia "ubavu" kabla hujamwuliza. Alikupa jibu mkononi, nawe ukamjibu habari za nywele.

"Uko sawa?" si uchunguzi, ni salamu. Nani atakiri kwamba hayuko sawa huku shemeji yake na wenzake wanamcheka? Kisha mkampa soda, mtu ambaye huenda akapasuliwa! Hapewi hata maji. Kuomba maji kila mara ni dalili ya damu inayopotea ndani, wala si kiu ya kazi. Na baada ya kumchunguza, usirudi ukutani. Unakaa naye, unahesabu pumzi na mapigo ya moyo, unaandika saa, unarudia. Wewe unayeweza kutofautisha aina tano za rangi nyeupe kwa jicho tupu hukuona midomo ya mwenzako ikipauka. Aliyeona ni mama mwenye ufagio, asiye na kibeji wala cheti. Umekwenda kumshukuru? Sidhani. Nenda.

Sasa karatasi. Usiitie saini. Bosi akikuambia kwamba ni maneno ya karatasi tu, mwulize kwa heshima kwa nini basi anayatafutia saini yako. Chukua karatasi nyingine, andika kwa mkono wako: ubao uliteleza saa ngapi, alitua juu ya nini, alisema nini, mlimfuta kwa muda gani, ni nani aliyegundua, alifika hospitali saa ngapi. Andika kwamba hakuna aliyemwambia aende hospitali. Nakala moja ibaki kwako, nyingine umpe shemeji yako. Huenda kazi ikakuponyoka, sitakudanganya. Lakini wewe una miguu miwili mizima ya kutafutia nyingine. Yeye kwa sasa anasaidiwa hata kugeuka kitandani.

Mke wako umwambie leo, kabla ya chakula, na usiruke kile kicheko. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize, na usimletee habari za bosi ili umpate wa kumlaumu. Ile "papo hapo" unayomjibu kila jioni itamwumiza zaidi akiisikia kutoka kwa mwingine, na mashahidi wako watano wana midomo.

Cheti kitundue. Kibeji ukirudishe mpaka utakaporudia mafunzo, na safari hii uombe mgonjwa wa mkekani apakwe rangi.

Na Jumamosi, kabla ya hiyo Jumatatu yako, utakapokaa kuyaandika maelezo yako na mkono ukaanza kutafuta njia ya mkato, fanya yale uliyopaswa kuyafanya pale ukumbini: anza juu, shuka taratibu hadi chini, na ukifika panapouma, usipapite.