Leo Zamu ya Kununa ni Yangu

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Blauzi ya usaili wa kesho nimeshaipiga pasi, usiikalie.

Asubuhi nimepita mlangoni kwako nikakusikia ukimwambia shangazi yako kwenye spika ya simu kwamba hakuna anayejua kukufundisha lugha ya kompyuta ya Kobol kama yeye. Haya. Mimi niliyeandika programu za kompyuta kuu ya benki tangu hujazaliwa, kazi yangu ni pasi.

Na hiyo nukta ya mwisho wa sentensi ya Kobol aliyokwambia ni pambo tu, si pambo. Ukiisahau, sharti lako la “kama” linameza mistari ya programu inayofuata. ~~Mwambie.~~ Usimwambie, atanuna, na leo zamu ya kununa ni yangu.

Funga dirisha la jikoni.

Jioni niulize swali moja, hata kama jibu unalijua.

Mama