Sikukuu Zote Ziwe Zangu

Kwako kaka Wiebe, huko Norwe kwenye samaki wako,

Huku kwetu Uholanzi, Friesland nzima hajazaliwa mtu wa kubishana na mimi mezani akaondoka na soksi zake miguuni. Muulize Nynke, mama wa Silke wangu. Jana tulijaza fomu ya mpango wa malezi baada ya kuachana, na hadi sasa nachemka! Kila nilichotaka, alikuwa na la kusema.

"Krismasi yangu," nikamwambia. "Pasaka, siku ya Mfalme, siku ya Mtakatifu Nikolasi, zote zangu."

"We Jorrit, unagawa mtoto au keki?"

"Acha kelele, andika!"

Akaandika, kisha akauliza, "Na Jumatano, shule ikifungwa mchana? Nani atampeleka kuogelea?"

"Chukua wewe, pamoja na hizo siku zako zote za kawaida!"

Tukatia sahihi. Nikatoka napiga mluzi.

Leo Jumatano nimempigia Silke simu. Anasema leo ameruka majini bila boya, mara ya kwanza, mama yake akimtazama. Kisha akaniuliza, "Baba, utakuja Krismasi?"

Nimemtukana Nynke hadi koo limekauka, kaka. Lakini hizo Jumatano hakuninyang'anya. Nilimpa mwenyewe.

Mdogo wako mkorofi,
Jorrit