Kila Mlima na Vin Yake

Jumamosi, 19 Julai 2025
Kwa TV ni mbio za baiskeli za Ufaransa. Étape ya leo, kipande cha siku, inaanza Pau, inaingia milima ya Pyrénées. Kwa ubao wa resto ninapohudumia nimeandika vin, yaani divai, ya huko: Madiran. Nyeusi, kali, inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Bosi amesoma, amesema sharp, safi, endelea hivyo, kila étape na vin ya pale, mpaka mwisho wa mbio, Paris. Ubao ni wangu! Yote nimejifunza mwenyewe, kwa YouTube na mabaki ya chupa.

Nilitaka kumwambia mtu. Nani sasa? Kaka Ildephonse hanisemeshi tangu Mei. Yeye ndiye alinileta Durban, nililala kwake Isipingo, niliimba kwaya yake kanisani. Siku aliposikia harufu ya vin kwa shati yangu, alisema tu: chagua, nyumba hii au harufu hiyo. Nikabeba begi. Sasa niko na chumba Morningside, nyuma ya nyumba ya watu. Jirani yangu ni mbwa.

Jumatatu, 21 Julai
Leo waendesha baiskeli wanapumzika. Hakuna vélo, hakuna ubao, na mimi niko off. Nimetembea mpaka kwa robot, taa za barabarani, nikarudi. Nimepika ugali mwingi mno — mkono bado unapima wa watu wawili.

Jumanne, 22 Julai
Mont Ventoux. Mlima una kipara, juu hakuna mti, upepo tu. Vin ya Ventoux yenyewe, nyekundu. Meza ya kwanza ilikuwa madame wa Westville na mume wake. Nikafungua, nikamimina. Halafu — sijui nini ilinipata — nikanywa kidogo kwa glasi yake, nikampa kwa mikono miwili.

Kwetu Burundi ndiyo heshima. Anayekupa kinywaji anaonja mbele yako, uone hakuna sumu. Hapa mgeni ndiye anaonja. Najua! Video zote zinasema hivyo. Lakini macho yalikuwa kwa TV, kwa yule wa mwisho kabisa, anapanda peke yake, na mkono ukafanya ya nyumbani.

Madame aliangalia glasi kama imeingia nzi. Mume akauliza kama na nyama nitawatafunia. Bosi hakucheka. Mpaka Paris niko jikoni, naosha glasi.

Alhamisi, 24 Julai
Alpes. Ubao ameandika mwingine: Bordeaux. Eish. Bordeaux iko upande mwingine wa nchi! Ilitakiwa Savoie, nyeupe, nyepesi, kama maji yamepita kwa jiwe. Nimeliambia sinki.

Nimemtumia kaka voice kwa simu. Nilitaka kusalimia tu, nikajikuta naeleza ya madame. Tiki za bluu. Amesikia.

Ijumaa, 25 Julai
Amejibu! Mwanzo ni kucheka tu, mpaka anakohoa. Halafu: "We mtoto, umemwonjea muzungu? Kumbe mama alikulea kweli." Halafu nasikia taxi zinaita abiria nyuma yake. Halafu: "Jumapili baada ya ibada nitapita huko kazini. Sikai."

Nimeisikiliza mpaka betri ikaisha.

Jumapili, 27 Julai
Amekuja. Suti ya kwaya, Fanta yake mwenyewe mkononi. Amekaa kwa kreti nyuma ya jikoni, mlango wazi, TV tunaiona nusu. Paris, mvua. Sina chupa ya Paris. Nimejimiminia mabaki ya champagne, mapovu yamekufa.

Nimemweleza: kila étape, vin ya pale wanapopita.

"Kwa hiyo wao wanaendesha vélo, wewe unakunywa jasho yao."

Nimecheka. Yeye kidogo acheke. Ameuliza kama nakula. Ameangalia vidole vyangu, vimepasuka na sabuni. Halafu amesema, bila kuniangalia, chumba changu kwake Isipingo hakijachukuliwa, godoro amelisimamisha tu ukutani. "Lakini bila hii." Ameonyesha glasi kwa kidevu.

Simu yake imelia — mama, video, kutoka Gitega. Ametoka nayo uani. Naandika haraka, hapa kwa sinki. Namsikia: ndiyo mama, niko naye, amekonda kidogo, ni mzima. Mama anauliza Durban nafanya kazi gani. Sauti yake inafika mpaka hapa.

Kaka amegeuka. Ananiangalia kupitia mlango, simu ameibana kifuani.

Sasa anasema: "Ngoja mama, akuambie mwenyewe." Anakuja, simu mbele. Glasi iko hapa karibu na mkono, na sijaificha.