Somo Alilojifunza Chemutai

Mama Cherono,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kigoda chako kando ya mlango. Nimekuwa mzee wa kanisa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na wengi nimewafundisha kuungama. Leo ndipo ninapotambua ugumu wa jambo nililokuwa nikiwaagiza. Binti yetu Cherono atafika Jumamosi kutoka Kericho, na kuna neno sijamwambia. Nimeona nianze na wewe.

Ulipotutoka, mjukuu wetu Chemutai alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Cherono alipotakiwa kurudi kwenye kazi yake ya kuchuma chai, nilimwambia mbele ya watu waliokuja kutufariji, "Niachie mtoto. Mimi si nimelea watoto?" Wewe unajua vyema aliyewalea ni nani.

Majani ya chai shambani mwetu hayangoji. Yakifika wakati wake lazima yachumwe, na yakishachumwa lazima yafike kituo cha kupimia kabla lori halijaondoka. Kule chini kuna mto, na barabarani kuna bodaboda zisizojali mtu. Basi nilinunua kufuli. Kila asubuhi nilimnywesha uji, nikamtandikia gunia pembeni, nikamwashia redio ya nyimbo za dini ili asiwe mpweke, nikafunga mlango, na ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi. Saa sita nilirudi. Juma la kwanza alilia. Juma la pili akanyamaza, nami nikapiga magoti nikamshukuru Mungu.

Wageni walimsifu. "Mtoto mtulivu hivi! Kweli huyu ni wa nyumba ya mzee wa kanisa." Nilizipokea sifa hizo, Mama Cherono. Nilizipokea kwa miaka miwili.

Sasa amepita miaka mitatu. Akitaka maji husema *bek*. Akitaka uji husema *musarek*. Basi. Mengine yote huyaeleza kwa kidole, au huyaacha.

Mwezi uliopita nilimpeleka zahanati kule Bomet kwa sababu ya kikohozi. Muuguzi, binti wa umri wa kitinda mimba wetu, alimuuliza jina lake. Kimya. Alimwonyesha picha ya ng'ombe. Kimya. Kisha akatoa funguo mfukoni ili afungue kabati la dawa, nazo zikagongana.

Chemutai alishuka kwenye benchi. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda kwenye pembe ya chumba, akaketi sakafuni, akakunja miguu, akatazama ukuta, akangoja.

Muuguzi alimtazama, kisha akautazama uzi ulio shingoni mwangu.

"Mzee, mtoto huyu hushinda na nani?"

Sikuweza kudanganya. Nilisema, "Na redio."

Hakucheka, wala hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alisema, "Mzee, redio haimngoji mtoto ajibu." Kisha akanieleza polepole, jinsi mimi nilivyokuwa nikiwaeleza watu wa ubatizo, kwamba ubongo wa mtoto hujengwa zaidi katika miaka hii ya kwanza, na kwamba hujengwa kwa kuongeleshwa, kuitikiwa, kuguswa na kuchezewa. Mtoto akitoa sauti nawe ukamjibu, njia moja inafunguka kichwani mwake. Asipojibiwa siku nyingi, huacha kuuliza. Nilimuuliza kama yaliyopotea hurudi. Alisema, "Mengi hurudi, tukianza sasa. Siwezi kukuahidi yote. Na mama yake lazima aje."

Nilikaa miaka miwili nikidhani kwamba mtoto huyu hajaanza kufundishwa, kwamba masomo yangemngoja chekechea. Kumbe alikuwa darasani kila siku, na mwalimu ni mimi, na somo ni lile kufuli. Alilijua barabara.

Ndipo nilipokukumbuka ukiwa shambani, mtoto mgongoni, ukimtajia kila kitu: huyu ni ndege, haya ni majani mawili na chipukizi, yule ni babu yako amekunja uso. Nilikukemea. Nilisema unajichosha kwa kuzungumza na asiyejua kusema. Ulinijibu bila kugeuka, "Hasemi, lakini anaweka." Niliona ni maneno ya kike tu. Ee Bwana, nisamehe. Nasi tulikuwa tumeinamisha miche ya chai kwa vijiti ingali michanga, ili itanue matawi, kwa kuwa ikiachwa hukimbilia juu ikawa miti. Mche niliujulia wakati wake. Mtoto sikumjulia.

Sasa nimebanwa pande zote. Nikimwambia Cherono, atamchukua akaishi naye katika chumba kimoja kule laini, kwenye safu za nyumba za wachumaji, naye ataamka alfajiri aende kazini, na mlango utafungwa tena kwa mkono mwingine. Nisipomwambia, nitakuwa nimelitoa kufuli mlangoni, nikalitia kinywani mwangu. Chekechea ya hapa Merigi haimpokei mpaka atimize miaka minne. Huwaza hivi, nikarudi pale pale nilipoanzia.

Siku hizi namchukua shambani. Mlango naurudishia tu na kuufunga kwa kamba. Wezi wakiingia watakuta sufuria na viatu vyangu vya Jumapili. Hata hivyo, juzi mama mmoja aliyekuwa akichuma karibu nasi alidondosha funguo zake, na Chemutai akaenda kuketi chini ya mche wa mwisho, uso kwenye shina. Niliweka kikapu chini, nikaketi naye matopeni mpaka alipotoka mwenyewe.

Namwongelesha. Wewe unajua mimi si mtu wa maneno madogo. Ninachokijua ni sala na mahubiri. Wachumaji wananicheka. Mama Kiprono, jirani yetu, hupaza sauti kutoka mstari wake, "Mzee, leo unahubiria majani?" Mwingine humwitikia, "Mwache, majani hayasinzii kama sisi." Mimi huendelea. Nasema, hili ni jani. Hili ni tone la mvua. Mche huu aliupanda kogo, nyanya yako. Kisha nanyamaza na kumngoja, jinsi muuguzi alivyonionyesha.

Pumzika kwa amani, mke wangu, mpaka Bwana atakapotukutanisha. Jumamosi nitamweleza Cherono yote mbele ya mtoto, nami nitauweka ufunguo huu mkononi mwa mama yake, aamue yeye. Akitaka kumchukua, nitamwomba wakae wote hapa. Akikataa, nitawafuata huko huko laini, nikae na Chemutai mchana mlango ukiwa wazi, mzee wa kanisa kati ya akina mama na watoto wao. Hilo nakuahidi.

Jana nilimngoja Chemutai muda mrefu kwenye mche wako. Hakunijibu. Nikamtajia mche uliofuata.

Ni mimi,
Baba Cherono