Honi Hazimshtui Jairo

Tunduma, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi kichwa kinaniuma. Mgongo wa Baba umepoa? Naandika kwa sababu kwenye simu hatusikiani. Malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni dirishani kwetu, na breki zao za upepo zikiachia, vikombe vinagongana kabatini. Pikipiki zimetobolewa ekzosi makusudi. Bajaji zinalia kama cherehani mbovu. Natamani kuhama hata leo, lakini Amoni hataki, kibarua chake cha kupakua mizigo kiko mpakani. Anasema mbona mwanawe Jairo hasumbuliwi. Kweli, mjukuu wako ana miezi minane na mchana analala fofofo katikati ya honi. Majirani wanamwita Dereva. Angalau mmoja wetu kaizoea Tunduma.

Mwanao,
Tukuswiga

Isongole, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anainuka sasa, ameanza hata kugomba. Barua yako nimeisoma mara mbili na moyo haujatulia. Mtoto mchanga kuzoea honi namna hiyo sijaona. Wewe ulikuwa unashtushwa na mbuzi wa jirani. Usinichukie kwa ninaloomba. Mkalishe, simama nyuma yake asikuone, piga sufuria kwa mwiko. Kisha uniandikie.

Mama yako,
Tabita

Isongole, 2 Aprili

Tukuswiga,

Hamjambo huko? Kila gari la Tunduma likisimama naacha jembe, nakwenda kuulizia barua. Kama nimekukosea nigombeze, lakini usinyamaze.

Mama

Tunduma, 15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikukasirikia, ndiyo maana. Nilisema Mama anamtafutia mtoto ubaya. Wiki ya pili nikashindwa kuvumilia, nikapiga. Hakugeuka. Nikapiga hadi jirani akaja kuuliza kulikoni, naye Jairo anachezea kifuniko chake.

Hospitali wamempima mara mbili. Hasikii, Mama. Miezi yote hii nilikuwa namsifu. Naona aibu, na roho inaniuma sana.

Amoni alitoka kwenda kutafuta chumba mbali na barabara. Jairo ameanza kutambaa, na kutoka mlangoni hadi kwenye lami ni hatua kumi. Pikipiki ikija hatajua. Mpaka chumba kipatikane, tutakaa kwenu. Tunakuja Jumamosi.

Mwambie Baba, akimwona mjukuu wake asimwite. Aje mbele yake kwanza, ainame, aonekane.

Mwanao,
Tukuswiga