Hodi Yangu Uliipiga Wewe

Mdogo wangu Zaituni,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kwamba salamu hanyimwi mtu, hata aliyekukosea. Shikamoo yako sikuisikia juzi kwenye simu, ila naijibu hivyo hivyo: marahaba. Shemeji Shabani hajambo? Goti lake linaendeleaje? Migomba imesimama au upepo umeilaza? Yule mbuzi wangu mwekundu amezaa? Ukinijibu, jibu hayo kwanza, halafu ndiyo ujitetee.

Mimi mzima. Mwili ndio mzima. Habari ya moyo utaisoma humu.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na darasa langu la nne. Binti ninayelala naye chumba kimoja alitaka kuniandikia, nikakataa. Kuna maneno mtu anayaandika mwenyewe hata herufi zikipinda. Tena simu wewe unaikata. Juzi umeikata, huku wakadhani mtandao. Barua haikatiki, Zaituni. Hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Anayekuletea ni kijana wa Dodoma, tumesoma naye huku. Yeye anatangulia, mimi nimebakia kidogo kumalizia kutembelea wagonjwa. Mpe chakula kabla hujaifungua. Usimhoji. Hajui lolote, huyo kazi yake gitaa.

Mwisho wa ile simu yetu uliniomba kitu, nikakaa kimya. Hukuzoea mimi kukaa kimya, ndiyo maana ukawa unaita, "Dada, upo? Dada?" Nilikuwepo. Jibu lako limo humu, lakini usirukie mwisho. Utapita njia yote kama nilivyopita mimi.

Nianze na huku. Tumemaliza. Mafunzo ya misheni yamekwisha, vyeti tumepewa, na cheti changu kina jina langu lote, Skolastika, mpaka la baba. Wale waliosema Bibi Skola atarudi kabla ya mahindi kuota, waambie mahindi yameota, yamevunwa, na mimi nimeyapukuchua. Kitale hii ya Kenya ni nchi ya mahindi, ukipanda kilima unaona mahindi tu mpaka macho yanachoka. Ndizi za kupika hawazijui kama sisi. Na baridi yake, Kinole kwetu ni jikoni! Asubuhi nilikuwa navaa soksi mbili na kilemba ndani ya darasa, nao vijana wananicheka chini chini. Niliwaambia, "Chekeni. Mkifika umri wangu mtavaa blanketi."

Shikamoo hawana. Mtoto anakupita amekukazia macho kama unadaiwa. Wiki ya kwanza nilimshika mmoja mkono sokoni nikamwambia, "Wewe, mimi naweza kumzaa mama yako." Akaniambia, "Sasa, shosho?" Ndiyo salamu yake hiyo, na shosho kwao ni bibi. Nilipoondoka pale sokoni mara ya mwisho juzi, alikuja mbio, akapiga goti, akasema shikamoo mbele ya wenzake. Nimemfundisha. Hiyo nayo ni misheni.

Masomo yalikuwa asubuhi, mchana shamba, Jumamosi tunakwenda vijijini. Walimu wakichanganya Kiingereza, Akiru ananieleza sikioni. Akiru ndiye huyo wa chumba kimoja. Ametoka Turkana, kaskazini huko kwenye ukame, binti mrefu, mweusi, mkimya. Mama hana, bibi hana. Usiku alikuwa ananiuliza habari za nyumbani, nami namsimulia Neema. Nikamweleza kwamba nina mjukuu niliyemlea tangu Paulina wangu afariki, amemaliza kidato cha nne, na nikirudi tu ninamweka ndani, kisha ninamtoa mwali. Akiru akasema, "Kwa hiyo anakungoja?" Nikamjibu, "Ananingoja. Mdogo wangu ameahidi."

Mdogo wangu ameahidi. Ona nilivyokuwa najivuna nawe mbele za watu.

Sasa nikukumbushe, maana naona umesahau au umejisahaulisha. Mlango wa mwali katika ukoo wetu haupigwi hodi na yeyote. Anapiga bibi mzaa mama. Anasimama uani, anaita majina ya bibi zetu mmoja mmoja tangu yule wa kwanza aliyeshuka mlimani, na mwali huko ndani anakaa kimya. Watu watamwita, watamchekesha, watamdanganya kwa sauti za uongo, asifungue. Anangoja sauti ya bibi yake. Akiisikia, anafungua mwenyewe, kwa mkono wake, na bibi anamfunika ile kanga yetu ya urithi. Wewe ulitoka hivyo. Mimi nilitoka hivyo. Paulina alipigiwa hodi na mama yetu.

Na mdogo wa bibi je? Anaruhusiwa, ndiyo. Anaruhusiwa siku ambayo bibi yuko kaburini.

Zaituni, mimi nimekufa lini?

Siku ya kuagana walipanga viti na mabeseni ya maji ukumbini. Desturi ya chuo hiki ni kwamba mwisho mnaoshana miguu wawili wawili, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake, kisha mnaagana. Mimi na Akiru tukawekwa pamoja. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu na mabegani nimejitanda kanga yetu, ile ya mama. Akina mama wa huku waliniuliza mbona nimevaa kanga kuukuu siku kubwa, hata maandishi yake yamefutika. Nikawaambia, "Hii ndiyo nguo kubwa kuliko zote mlizovaa. Nikitoka hapa, naenda kumfunika mwali."

Akiru ameinama anaosha miguu yangu, maji ya uvuguvugu, na mimi machozi yananilenga, sina uongo. Mwalimu mkuu, kijana mwenye upara na moyo mzuri, akasema wameandaa kitu cha kutushangaza: kila mmoja atawaona watu wake wa nyumbani. Simu ikaunganishwa, picha zikawa ukutani kubwa kama mlango wa godauni. Wakaja watu wa Dodoma, wakaja wa Kisumu. Kisha, "Bibi Skola, watu wako hao!"

Nikakuona wewe. Vigelegele, "Hongera, dada! Hongera mama mtumishi!" Nyuma yako uani kwangu, mti wa limao. Nikacheka, nikapunga mkono kama mtoto. Halafu mtu akamsukuma Neema mbele.

Ukumbi mzima ulisema, "Jamani, mjukuu mzuri!" Wao waliona binti mzuri. Mimi niliona kichwa kimenyolewa. Niliona mafuta yanang'aa mabegani, shanga shingoni, macho yametazama chini. Niliona kanga mpya kabisa, bado ina mikunjo ya dukani. Zaituni, hakuna mwanamke wa Uluguru anayehitaji kuelezwa maana yake: mwali ameshatolewa.

Nikasema, "Neema, nani amekupigia hodi?"

Mtoto akajivutia kanga shingoni.

Wewe ukadakia, "Dada, leo ni siku yako, tuongee ya furaha."

"Nimeuliza nani amepiga hodi."

"Dada, watu wanasikia..."

"Na wasikie! Nani?"

Ukasema, "Mimi." Kwa sauti ndogo kama ya panya ghalani. Kisha ukuta ukawa mweupe. Mwalimu akasema mtandao, poleni. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejua kitu, isipokuwa Akiru. Yeye alikuwa bado ameshika kisigino changu, akauhisi mguu unataka kutoka kwenye beseni. Akanitazama. Hakusema pole. Alikaza mkono tu.

Jioni nilikupigia mwenyewe. Sitaki useme nimekusingizia, kwa hiyo naandika ulivyosema. Ulisema mliogopa. Ulisema, "Dada, wewe sasa ni mtu wa misheni. Ungekaa na mwali chumbani umwimbie nini, pambio? Ungetuharibia ngoma." Ulisema mlifanya upesi wakati sipo ili kusiwe na ugomvi.

Nisikilize. Ulipoolewa na shemeji Shabani, ulikuwa Helena, ukawa Zaituni. Mimi nilifanyaje? Nilisema Helena amekufa? Nilikuja Idi ya kwanza, nikala pilau mpaka nikashindwa kuinuka, nikabeba na ya watoto. Baba alinuna, mimi ndiye niliyemwambia, "Mwanao amebadili jina la kuswalia, hakubadili tumbo lililomzaa." Nilikutetea katika nyumba ile ile uliyonizikia mimi nikiwa hai.

Nani alikwambia Yesu amenikataza kuingia chumba cha mwali? Mbona hukuniuliza? Simu ulikuwa nayo. Kila Jumapili tuliongea: habari ya pilipili manga, habari ya mvua, umenisimulia hata kuku wa jirani aliyeanguka kisimani. Na Neema wakati huo yuko ndani! Yuko ndani, nyuma ya ukuta unaouegemea ukiongea nami. Nilipomtaka, ukasema, "Ameenda Mafiga kwa mama mchungaji kusaidia kazi." Nami nikamwombea Neema safari njema. Nilipiga magoti kwenye sementi ya baridi, nikaombea safari ya mtoto aliye chumbani kwangu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko ngoma yenyewe.

Na akina mama wenzako wa ukoo, wote waliocheza uani kwangu, wamejua wakanyamaza. Hao hao ndio walionisindikiza Msamvu kwenye basi, wananifunga leso, wananiambia, "Nenda dada, wewe hata chui unamgombeza, katuletee heshima." Nimewaletea. Wamenipokea kwa mgongo.

Sasa jibu lako. Kabla hujakata simu ulisema, "Na ile kanga usije ukaisahau huko, mwakani ni zamu ya Mwajuma wangu." Hukuona hata aibu. Neema wangu anafaa kufunikwa kitambaa cha dukani, lakini mjukuu wako atafutiwe ya mama!

Kanga haipo.

Ukuta ulipokuwa mweupe, ikawa zamu yangu kumwosha Akiru. Nilipiga magoti. Nikaosha miguu ile mirefu, imepasuka kwa mawe ya kwao. Walinipa taulo, dogo kama la uso. Nikaliweka kando. Nikaivua kanga mabegani, nikamfuta nayo vidole, kimoja kimoja. Halafu sijui nilisimamaje na magoti haya, nilijikuta nimesimama na nimemfunika kichwani. Na nikaimba. Ule wimbo wa kumtoa mwali, Zaituni. Ule usioandikwa. Niliimba wote, kwa Kiluguru, katikati ya ukumbi wa misheni, na sauti haikunikatika. Binti analia chini ya kanga kama wanavyolia wote.

Nilipomaliza, mwalimu mkuu akainua mikono akasema, "Amina!" Ukumbi mzima ukaitikia. Hawakujua wameitikia nini, na sikuwaambia.

Asubuhi yake Akiru aliondoka na lori la kwao. Aliikunja kanga akanirudishia. Nikamwambia, "Usiirudishe, mwali wangu." Tuliagana hapo hapo barabarani, sikumpungia mkono, nilimgombeza asisahau kula. Kwa hiyo kanga ya mama iko Turkana, kwa msichana asiye na bibi. Mwajuma wako mfunike ile ya dukani. Kama ilimtosha Neema, yeye ni nani isimtoshe?

Nisalimie shemeji, mwambie sina neno naye, mwanaume hajui mambo ya chumba kile. Nisalimie mjomba wetu mzee, mwambie namletea ugoro. Nisalimie mama mchungaji wa Mafiga, na umwambie mwenyewe kwamba ulimtumia kama kifuniko cha uongo. Mpwa wetu wa Turiani akija na mchele, aniwekee. Akina mama wa ukoo usiwasalimie. Nitawasalimia mimi.

Neema msomee barua hii yote, au ajisomee, shule anayo. Mwambie sina hasira naye. Alikuwa gizani na aliisikia sauti inayofanana na yangu, maana wewe na mimi tumechangia koo la mama. Alifungua kwa kudhani.

Basi likifika sitaki mtu anipokee. Nitapanda mwenyewe mpaka Kinole. Nikifika uani nitaweka mzigo chini, nitasimama, nitaita majina ya bibi zetu tangu wa kwanza, kisha nitapiga hodi. Asifungue mtu ila Neema, na kwa mkono wake. Kanga sina tena, nitamfunika kwa mikono hii.

Na ninyi mtakaokuwamo ndani, mkae kimya. Si mlinizika? Basi msikilizeni marehemu anavyopiga hodi.

Ni mimi, niliyekubeba mgongoni ukiwa bado Helena,

Dada yako Skolastika