Kitanda cha Pili Roma

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Shule ilifungwa Ijumaa. Madam Orpah wa Kiswahili alituambia tuandike shajara likizo nzima, kwa Kiswahili sanifu, na kwamba yeye hataiomba. Shajara ikisomwa na mwalimu ni insha, alisema. Haya, naanza.

Baba amerudi kutoka Kisii na karatasi inayong'aa. Hakusalimia mtu. Aliiweka mezani, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. ROMA. Siku tano, usiku nne. Ndege, hoteli, chai ya asubuhi, basi la kuwazungusha watu mjini. Vyote kwa pakeji moja. "Bei ya kutupa" — ndivyo ilivyoandikwa, na nyota nyekundu kando.

Najua ugonjwa huu ulianzia wapi. Mwalimu Jeconia, aliyekuwa naibu wa Baba kabla Baba hajastaafu ualimu mkuu, alimpeleka mkewe Benter Dubai mwezi wa nane. Alituma picha mia moja na kumi na nne kwenye WhatsApp ya walimu. Moja ni ya ngamia peke yake. Baba alimtazama yule ngamia siku tatu. Mwishowe akasema Dubai ni Asia, hata si Ulaya.

Nimeisoma karatasi mara mbili, kama tunavyofundishwa kusoma maagizo ya mtihani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: bei ni ya kila mtu, wakilala wawili chumba kimoja. Nikamwambia Baba. Akauliza chakula kiko wapi.

Wawili. Naandika tu kwamba wawili ni yeye na mwingine mmoja.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeenda na Baba Kisii kumbebea bahasha. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la sare za shule. Wakala anaitwa Madam Gentrix. Ana sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Baba aliuliza bei ikiwa yuko peke yake. Inapanda karibu nusu. Kitanda cha pili hulipiwa hata kisipolaliwa.

"Huo ni wizi," Baba akasema.

"Ni utaratibu wa hoteli, Mwalimu. Kwani mama hayuko?"

Baba alitazama dari, kama mtu aliyeulizwa nambari ya kitambulisho chake ghafla. Kisha akasema yuko. Yuko nyumbani.

Mimi nikakaa wima. Nikaweka magoti pamoja. Nilijaribu kuonekana kama mtu anayeweza kulala kitanda cha pili bila kusumbua.

Safari ni Februari. Madam Gentrix alieleza kwamba Februari ndiyo rahisi kwa sababu ni baridi na wenyewe hawatembei. Baba akanigeukia: "Februari wewe ni mtahiniwa." Sikuwa nimeuliza. Labda nilikaa wima kupita kiasi.

Ofa inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe saba, saa sita mchana. Pasipoti anayo Baba tu. Wa pili ataanza kutafuta yake akishajulikana ni nani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Habari zimefika mpaka Nyaramba. Wagombea wa kitanda cha pili wameanza kuja.

Wa kwanza ni baba mdogo, Manasseh. Amekuja na koti zito la mtumba kutoka Keroka, lenye manyoya shingoni. Alilivaa sebuleni tangu saa nne asubuhi hadi chakula cha mchana. Jasho lilimtoka, lakini hakulivua. Alitaka tuone limemkaa.

"Mwalimu, hiyo hoteli iko na mlango wa nyuma?"

"Wa nini?"

"Kujua tu, kaka. Mtu anafaa kujua milango."

Kila mtu hapa anajua: Manasseh akienda siku tano, siku ya sita tutamsikia kwa simu. Baba pia anajua. Lakini Manasseh ni nduguye, na ndiye mtu pekee anayecheka Baba akisimulia mambo ya shuleni.

Mama aliingia na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Aliweka sufuria jikoni, akatuletea chai, akasikiliza kidogo akiwa mlangoni, akarudi kuchuma. Hakuna aliyemuuliza neno, isipokuwa Manasseh, aliyeuliza kama kuna sukari.

Jumamosi, 1 Novemba

Sabato. Naandika sasa kwa kuwa jua limetua.

Baada ya ibada Mzee Mose, mzee wa kanisa, alimvuta Baba kando chini ya bomba la maji ya mvua. Nilikuwa nimeshika Biblia zao, kwa hiyo nilisikia. Alitaka kujua kama Ulaya hakuna mji mwingine. Lazima Roma? Kwa Papa?

Baba akamjibu kwamba hata mtume Paulo alikwenda Roma.

Mzee Mose akafikiri. Akasema Paulo alipelekwa kwa minyororo. Hakulipia.

Jumatatu, 3 Novemba

Madam Gentrix amepiga simu. Kila msafiri ataandikia ubalozi barua kueleza kwa nini atarudi nyumbani, na kila sababu iwe na karatasi yake. Ubalozi hautaki maneno matupu.

"Bonareri, leta kalamu," Baba akasema. "Mwandiko wako una heshima."

Barua ya Baba ilijaa kurasa mbili. Nitarudi kwa sababu nina shamba — hati hii hapa. Nina chai — namba ya chai, ile ya kupimia majani kituoni, hii hapa. Nina pensheni. Nina tangi la maji la lita elfu kumi. Nina mke. Nina ng'ombe wa maziwa, kadi ya maziwa hii hapa. Ni hivyo hivyo alivyozitaja, moja baada ya nyingine. Mke ameingia kati ya tangi na ng'ombe. Nilimuuliza kama nipange upya. Akasema hakuna haja, ubalozi utasoma vyote.

Kisha ikaja zamu ya Manasseh. Nikaandika "Nitarudi kwa sababu" na kuinua macho.

Manasseh aliuza sehemu yake ya shamba mwaka juzi. Mkewe alirudi kwao. Kazi hana.

"Andika napenda nchi yangu."

Niliandika. Tukaitazama wote watatu. Nikaifuta.

"Basi andika niko na miadi ya daktari wa meno."

"Karatasi yake iko wapi?" nikauliza.

Alifungua mdomo kutuonyesha jino.

Mwishowe akaomba aandikiwe yule ng'ombe. Hapo Baba akakasirika. Ng'ombe ni wake, na tayari yumo kwenye barua. Ng'ombe mmoja hawezi kurudisha watu wawili.

Nilicheka ndani kwa ndani mpaka mbavu zikauma. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Naye nilimsikia akicheka, lakini yeye kwa sauti.

Jumanne, 4 Novemba

Manasseh ameanguka. Madam Gentrix aliomba barua yake, iliyobaki na daktari wa meno peke yake, kwa picha ya simu, akapiga baada ya dakika mbili. Mtu kama huyu, alisema, ataifanya hata faili ya Mwalimu itiliwe shaka. Manasseh akavua koti kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Ananiuliza kama najua mtu wa kulinunua.

Jioni Baba alisimama katikati ya sebule. Alitumia ile sauti ya gwaride la Jumatatu.

"Mama Bonareri. Jiandae. Utaiona Ulaya."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Alichambua mengine kama kumi hivi. Akauliza nani atachuma chai. Baba akasema siku tano tu. Akauliza nani atakamua. Baba akasema Manasseh, kwa vile hana miadi tena. Sikuamini — Baba amefanya mzaha!

"Na nguo?"

"Utavaa lile koti."

Mama akasema, "Sawa." Lakini maharagwe mabovu aliyaweka sufuriani, mazuri akayamwaga nje. Kuku wamefurahi.

Nami nimefurahi. Nilidhani ningeona wivu. Nimetafuta wivu, sijauona. Kitanda cha pili kimempata mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeitafuta ile karatasi ya Roma nyumba nzima. Iko ndani ya kitabu cha nyimbo cha Mama, imekunjwa mara nne. Nimeirudisha mahali pake.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo ilikuwa barua ya Mama. Baba aliona ni kupoteza muda. "Huyu barua ya nini? Ni nani asiyejua kwamba atarudi?" Hata Manasseh alikubali. Mama Bonareri asiporudi, alisema, nani atapika?

Nikaandika jina lake kamili juu ya ukurasa: Drusilla Mong'ina. Sikumbuki kama nimewahi kuliandika. Nitarudi kwa sababu nina chai, na mahindi, na ng'ombe, na watoto watatu, na kwaya, na chama cha akina mama. Barua nzuri. Nilijivunia aya zake.

Tukaipiga picha, tukaituma. Simu ikaja. Baba aliweka spika ili sote tusikie pongezi.

"Namba ya chai ni ya nani?" Madam Gentrix akauliza.

Ni ya Baba. Mama ndiye huchuma, lakini namba ni ya Baba, na bonasi ya chai ya kila mwaka huingia benki kwa Baba.

"Hati ya shamba?"

Baba.

"Kadi ya maziwa?"

Baba.

"Kuku ni wangu," Mama akasema kutoka mlangoni.

"Kuku wana karatasi, mama?"

Hawana.

Madam akasema pole. Akasema kwa ubalozi, mama huyu hana chochote cha kumrudisha. Watoto peke yao hawatoshi, wengi huwaacha. Alisema, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, kwamba kwa karatasi mama na yule bwana wa daktari wa meno wako sawa.

Manasseh alitazama miguu yake. Nilikuwa nimeshika barua yangu yenye aya nzuri, nikaona haina kitu ndani. Nimeishi miaka kumi na saba katika nyumba hii na ilibidi mtu wa kuuza tiketi anionyeshe.

Ni Madam aliyetoa dawa. Mwalimu aandikishe sehemu ya chai kwa jina la mama. Kipande tu. Kituo cha chai kina fomu ya kugawanya namba, ikipigwa muhuri inatosha. Ila ifike kesho kabla ya saa sita.

Baba alitembea hadi tangini na kurudi. Aliniita kando, lakini Mama alikuwa anasikia, nyumba yetu si kubwa. Akasema ataandika lile shamba la bondeni, vichaka mia nane vya chai. Kwa karatasi tu.

"Na nikirudi?" Mama akauliza.

"Ukirudi tunaiweka kama ilivyokuwa."

Mama alijifuta mikono kwa leso.

"Kwa hiyo nirudie kitu ambacho kitaondoka nikifika."

Baba akasema wanawake hawaelewi karatasi. Akatoka. Hakula.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa tano na dakika ishirini. Naandika mezani, mkono wangu wa kushoto uko juu ya fomu isipeperuke.

Baba aliamkia kituo cha chai Ikonge, akarudi nayo. Ni ukurasa mmoja, na sahihi ya Baba bado haipo. Mama aliniambia niisome yote kwa sauti, kisha niisome tena. Nimeisoma mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa "kwa karatasi tu". Hakuna tarehe ya mwisho. Bonasi ya vichaka mia nane itaingia kwa akaunti ya mwenye jina. Akitaka kurudisha, mwenye jina ndiye atakayesaini.

"Mwenye jina ni mimi," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Soma hapo tena."

Nikasoma mara ya tatu. Baba akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Karani yuko kituoni na muhuri hadi saa sita. Manasseh yuko nje juu ya pikipiki ya kuazima, injini inaunguruma, tayari kukimbia nayo ipigwe muhuri na kutumwa kwa Madam kwa picha. Amevaa lile koti.

Mama amevaa viatu vya Sabato. Ameketi upande wa pili wa meza, kitambulisho chake mbele yake, mikono mapajani. Tangu asubuhi hajaenda kuchuma. Siku ya kawaida angekuwa kwenye kikapu cha pili sasa.

Baba yuko tangini na simu. Anamuuliza Madam Gentrix bei ya mtu mmoja. Aliiuliza jana, na juzi. Haijashuka.

Simu yangu imelia. Ni kundi la walimu, Baba huliacha wazi kwenye simu yangu kwa sababu macho yake ni dhaifu. Mwalimu Jeconia ameuliza, mbele ya watu sitini na wawili: "Mwalimu Osoro, Roma lini?" Chini yake ameweka ngamia.

Nimempelekea Baba. Ameisoma akiwa ameinyoosha mbali na uso. Amerudi ndani. Ameketi. Ameshika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Anauliza kama tuna uhakika namba ya kitambulisho ni hiyo.

Barua ya Mama nimeianza upya, kwa karatasi safi. Drusilla Mong'ina. Nitarudi kwa sababu. Nimemuuliza niandike nini hapo.

"Pawache wazi," amesema, bila kuondoa macho kwa Baba. "Mwalimu ndiye atapajaza."

Saa sita kasoro robo. Manasseh anapiga honi.